Mwani kwenye Kipande cha Mama

Nianze na ukelele, maana nilipiga ukelele kweli. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mfereji kule kwa mama, miguu ndani ya maji, nasugua visigino kama mtu mwenye akili zake timamu, nikaona juu ya jiwe kitu cheusi kinachezacheza na mkondo. Nikakigusa, kikateleza kama bamia. Nikainama mpaka pua ikaingia majini. Kumbe hakikuwa cheusi, kilikuwa zambarau iliyokoza, na kila uzi wake ulikuwa na mafundo mafundo kama shanga zilizotungwa. Hapo ndipo nilipopiga ukelele. Mama alitoka bustanini mbio, jembe juu, akijua nimekanyaga nyoka.

"Yuko wapi?"

"Hiki hapa, mama! Mwani mwekundu! Wa maji baridi! Hapa kwetu, mama, hapa hapa!"

Mama akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akashusha jembe taratibu. "Mwanangu, huo ni uchafu. Tunausugua kila mwaka."

Jamani, ningewezaje kumweleza? Mimi kazi yangu ni mwani. Ukimwambia mtu wa Songea hivyo anakuuliza unafanya nini huku milimani wakati bahari iko kule. Mwani haukai baharini tu. Ule ukijani unaoteleza ndani ya simtanki lako ni mwani. Utando wa dimbwini ni mwani. Rangi ya maji ya bwawa la samaki ni mwani, tena mdogo kiasi kwamba hauuoni mmoja mmoja mpaka uuweke chini ya hadubini. Ni viumbe vya kijani, na vingine vya rangi nyingine, visivyo na mizizi wala majani ya kueleweka, lakini oksijeni hii tunayovuta, sehemu yake kubwa wametutengenezea wao. Na sisi tunawashukuru kwa brashi na Vim.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye brashi. Nilizaliwa Lizaboni, kwenye nyumba iliyokuwa na pipa la maji ya mvua chini ya gata, na kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kulisugua pipa hilo. Niliichukia hiyo kazi mpaka siku nilipoparua ule ukijani kwa ukucha, nikautia kwenye glasi ya maji, nikauweka dirishani kwenye jua. Baada ya muda ukaanza kutoa vipovu vidogo vidogo vinavyopanda juu kama soda. Nilikaa nikivitazama mpaka mchana wote ukaisha na pipa halijasuguliwa. Mama akaja, akaona glasi yake nzuri ya wageni ina uchafu, akamwaga. Nilinuna siku mbili. Bado nikikumbuka nanuna.

Chuo kikuu, wenzangu wa botania wote walikimbilia miti ya dawa, maana huko ndiko kulikokuwa na heshima. Darasa la mwani tulibaki wachache, tungeweza kuenea kwenye bajaji moja. Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi mwenye sauti nzito, hapendi mchezo, hapendi maneno mengi. Siku ya kwanza alituwekea tone la maji ya mtaroni chini ya hadubini, akasema, "Tazameni, halafu kama hamjapenda mwende kwenye miti." Nikatazama. Ndani ya uzi mwembamba unaong'aa kama bomba la kioo kulikuwa na utepe wa kijani umejisokota vizuri, duara baada ya duara, hakuna fundi cherehani angeweza. Ndani ya mtaro, jamani! Ule tunaourukia tukiziba pua! Nilitoka maabara nikiwa nimeshachanganyikiwa na sijapona hadi leo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufundisha baiolojia sekondari huko Namtumbo. Shule ilikuwa na hadubini moja yenye kioo kilichopata mkwaruzo, lakini wanafunzi wangu waliniletea maji ya kila dimbwi, kila kisima, kila kitalu cha tumbaku, mpaka mkuu wa shule akaniuliza kama tumeanzisha biashara ya chupa. Baadaye nikarudi kusoma, nikaendelea hadi uzamivu. Mama akatangaza kwenye jumuiya yao ya kanisa kwamba mwanawe sasa ni daktari, na wiki hiyohiyo jirani akaniletea mtoto anayekohoa. Nilimshika mtoto paji la uso, nikamwambia ampeleke hospitali. Akaondoka akisema daktari gani huyu hana hata panadoli.

Sasa nafundisha chuo kimoja hapa hapa Songea. Bodaboda wananijua kama yule dada wa chupa. Wafugaji wa samaki wananipigia simu hadi kutoka Mbesa, na mimi naona raha sana, ila wananitia hasira. Mtu anachimba bwawa, maji yanaanza kuwa ya kijani safi kabisa, yeye anaona aibu kwa majirani, anayamwaga. "Usimwage!" nampigia kelele kwenye simu. "Hicho ndicho chakula cha perege wako! Umemwaga sufuria la ugali!" Wengine wananikatia simu. Hasira zangu nimezirithi kwa baba, marehemu, na yeye aliniambia amezirithi kwa baba yake, kwa hiyo sina wa kumlaumu aliye hai.

Turudi mferejini. Baba alipofariki, mama aliondoka Lizaboni akaenda kwenye shamba letu chini ya milima ya Matogoro. Pale kuna mfereji unaoshuka kutoka msituni, umechimbwa na wazee zamani, na kila kaya ina zamu yake ya maji kwa wiki. Kwa maji hayo mama analima chainizi, figiri, vitunguu na karoti, anauza sokoni mjini. Anaishi kwa hiyo bustani. Ukimpa hela anakushukuru, anaiweka, halafu anakununulia wewe vitenge. Lakini bustani ni yake, ndiyo inayomfanya atembee ameinua kichwa.

Na mwani huo, unaoitwa mwekundu hata ukiwa zambarau, uliota kwenye kipande chetu cha mfereji, pale penye kivuli cha migomba, penye mawe na maji ya kasi. Nilipita mfereji mzima, juu hadi banio, pale maji ya mto yanapozuiwa yaingie mferejini, chini hadi kwa mtu wa mwisho. Hakuna. Ni kwetu tu, kwenye mawe machache.

Nilimtumia picha yule mwalimu wangu wa zamani, ambaye sasa ni profesa anayekaribia kustaafu. Nchini hapa mwani huu anaujua yeye kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Akajibu kwa maneno machache kama kawaida yake. Kwamba ni kitu kizuri. Kwamba iko mingi inayofanana duniani, inafanana kama pacha, na njia ya kuitofautisha ni matunda yake, vifundo vidogo vinavyojificha katikati ya nyuzi. Wangu ulikuwa hauna matunda bado. "Subiri baridi," akaandika.

Nikasubiri, na mimi kusubiri sikujaliwa. Kila Jumamosi nilikuwa nakwea bodaboda kwenda kwa mama, namsalimia shikamoo huku macho yako mferejini. Mama akawa anasema, "Nenda kwanza kamwone mwenzio, ndiyo uje tuongee." Nilijaribu kuchukua jiwe moja nikaliweka kwenye ndoo nyumbani kwangu. Kesho yake lilikuwa mchuzi, vishada vyote vimeyeyuka, vinanuka. Nikajaribu kuhamishia mawe mawili kwenye kijito cha jirani. Jua likayakuta, matope yakayafunika, yakafa. Nikala kiapo sitahamisha tena jiwe lolote. Mwani ule ulitaka pale pale ulipo, na mimi nikasema sawa, wewe ndiye mwenye nyumba.

Baridi ya Juni ikaingia, ile ya Songea inayokufanya uvae sweta mbili na bado ulaani. Vishada vikanenepa. Jumamosi moja nikachukua kipande kidogo, nikakiweka chini ya hadubini yangu ya safari, hapo hapo barazani kwa mama, na katikati ya nyuzi nikaona vifundo. Vidogo, vya mviringo, vimejaa. Nilisimama nikacheza. Kuku wakatawanyika. Nikampigia profesa simu, nikawa naongea kwa kasi hadi akaniambia nivute pumzi.

"Usiving'oe," akasema. "Picha haitoshi, na ukivitia kwenye dawa vinapoteza rangi na umbo. Nataka nivione viko hai, vimeshika jiwe lao. Nitakuja baada ya wiki mbili, Alhamisi. Nikishastaafu sitapata tena gari la kunileta huko, kwa hiyo vitunze."

Nikaenda kumweleza mama. Alikuwa anachambua mboga. Akaacha kuchambua. "Alhamisi, baada ya wiki mbili? Mwanangu, Jumamosi kabla ya hapo ndiyo usafi wa mfereji."

Moyo ulishuka mpaka kwenye kandambili. Huo usafi niliufahamu toka utotoni, tulipokuwa tunakuja shambani. Mvua zikiisha, watu wote wanashuka mferejini siku moja, kila kaya na kipande chake. Unatoa matope, unatoa mawe yaliyolegea, unayasugua yaliyobaki mpaka yawe meupe kama sahani. Kisha mwenyekiti wa mfereji anapita na fimbo yake kuanzia juu hadi chini, watu wote nyuma yake, anatazama. Kipande chako kikikutwa kichafu, analifunga lango lako la maji kwa waya, na hulioni tone kiangazi chote. Hakuna faini, hakuna kuomba radhi. Ndiyo maana mfereji ule uko hai wakati mingine mingi imeshakufa, na hilo nalikubali hata nikiwa na hasira.

Mama alikuwa ameshahamishia miche ya chainizi bustanini. Bila maji ya zamu, bustani isingefika hata Agosti. Kwa hiyo sikuthubutu kumwambia aache kipande chetu bila kusuguliwa. Kitu hicho mtu hamwombi mama yake. Nikaona dawa ni kwenda kwenye kikao cha mfereji kuomba ruhusa, ile sehemu ndogo tu, yale mawe machache, yaachwe mpaka mgeni wangu aje.

Kikaoni nilianza vizuri. Nikaamkia wazee, nikaeleza mwani ni nini, nikasema huenda tuna kitu ambacho hakijawahi kuandikwa popote. Mwenyekiti, mzee aliyestaafu jeshi, alinisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa juu ya fimbo. Kisha akasema, "Mwanangu, tumekuelewa. Lakini leo wewe una uchafu wa kitaalamu, kesho jirani yako atakuwa na matope ya kitaalamu. Sheria itabaki ya nani?"

Watu wakacheka. Laiti ningecheka nao! Mimi nikawaka. Nikasema kwamba wanajali mawe meupe kuliko elimu, kwamba ndiyo maana hatuendelei, na mengine ambayo siyarudii hapa kwa sababu mama anaweza kusomewa haya. Mwenyekiti akasimama. "Vizuri. Ukaguzi mwaka huu utaanzia kwenye kipande chenu, halafu ndiyo tupande kwenye banio."

Mama alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake. Njiani kurudi nyumbani nilimsubiri anigombeze, hakunigombeza. Nikamuuliza, "Mama, huna la kusema?" Akasema, "Wewe umeshasema ya wote." Tukatembea.

Jumamosi ile nilifika na bodaboda ya kwanza. Ukungu bado umelala kwenye migomba. Nilitaka nifike kabla mama hajaanza, niyaage mawe yangu hata kwa picha. Nikamkuta ameshaingia mferejini, gauni amelikunja magotini, maji yanamfika kwenye mashavu ya miguu. Nikatazama pale penye kivuli. Hakuna kitu. Mawe ya vishada hayapo. Kwenye ukingo kulikuwa na lundo la mawe na matope yaliyotupwa, na chini ya mfereji palikuwa peupe pee.

"Mama," nikasema, "hata hukunisubiri?"

"Ungefika ungelia, na kazi isingeisha. Shika jembe."

Nilishika jembe. Nisiseme uongo, dakika ile nilimchukia. Nilichota matope kama mtu anayechimba kaburi la adui, nikasugua mawe yaliyobaki na gunzi la mahindi mpaka vidole vikatoka ngozi, na machozi yananitoka waziwazi, majirani wa vipande vya juu na vya chini wananiona, mmoja ananiambia pole, mwingine anaangalia pembeni. Kila nikiinua kichwa namwona mama amepumzika kwenye kigoda chini ya mgomba, pembeni yake beseni kubwa limefunikwa khanga, na yeye na kopo lake anachota maji ya mfereji anamimina humo, anamwaga ya zamani, anamimina mengine. Nikajiambia, jamani, mimi nimefiwa, mama anaosha maharage!

Mwenyekiti akaja na watu wake. "Shikamoo," nikamwambia, kwa sauti ambayo haikuwa shikamoo. "Marahaba," akajibu, akashuka hadi majini na viatu vyake vya mpira. Alitazama kipande chetu kama anayesoma. Akapitisha fimbo juu ya mawe, akainama, akalishika moja kwa kidole, akanusa kidole. Kisha akapanda ukingoni na fimbo yake ikaelekea kwenye beseni.

"Na hili, Mama?"

Mama hata hakutikisika. "Maharage. Nimeyaloweka. Leo mchana mtakula kwangu."

"Basi nitakuja," mwenyekiti akasema. "Kipande ni safi. Maji mnayo." Wakaondoka kuelekea kwenye banio, wote kwa mstari, wanaongea.

Mama alingoja mpaka sauti zikapotea. Kisha akanikunjia kidole. "Njoo unisaidie kubeba." Nikaja nimenuna. Akafunua khanga.

Yalikuwa mawe yangu! Yamepangwa ndani ya maji safi, vishada juu, zambarau, vinapepea kila alipotikisa beseni! Nilifungua mdomo, na mama akaniziba kwa kiganja chake chenye matope.

"Ukipiga ukelele leo nitakupiga mbele za watu, na uzamivu wako," akaninong'oneza. "Mwenyekiti hajafika mbali. Endelea kununa hivyohivyo."

Nikajaribu kununa. Nilishindwa kabisa. Nikawa nalia na kucheka, makamasi yananitoka, namkumbatia, yeye ananisukuma ananiambia maji, maji, yanahitaji maji. "Ulisema yakikaa ndooni yanakufa," akasema. "Nikaona pengine yanakufa kwa sababu maji yanachoka. Basi nimekuwa nayabadilisha toka asubuhi, mkono umekufa ganzi. Haya, yalikaa vipi? Hili lilikuwa wapi?" Tukaingia mferejini, mama na mimi, tukawa tunayarudisha jiwe moja moja chini ya kivuli, mimi naelekeza, yeye anabana kwa vijiwe vidogo ili mkondo usiyachukue. Mama yangu huyu ni kiongozi wa jumuiya, hudai risiti hata ya kiberiti, na akikuta chenji imezidi anarudi dukani. Amemdanganya mwenyekiti wa mfereji uso kwa uso, na hakupepesa.

Tatizo, maharage. Mwenyekiti alikuja kula kweli, na wenzake. Mama alikuwa ameyabandika makavu, kuni amejaza, lakini maharage hayajali uongo wa mtu. Yaliwekwa mezani magumu, yanalia mdomoni kama changarawe. Mwenyekiti alitafuna kwa adabu, akatafuna, akanywa maji.

"Mama, haya uliyaloweka kweli?"

"Ni mbegu mpya hii," mama akasema. "Inataka moto."

Nilipaliwa. Nikatoka nje kukohoa.

Siku zilizofuata sikulala vizuri, nilikuwa nampigia mama simu kila saa kuuliza hali ya mgonjwa. Mawe mawili yalipauka na kuachia vishada vyote. Mengine yakashika. Alhamisi profesa akafika, mfupi vilevile, sauti nzito vilevile, nywele nyeupe sasa. Hakutaka chai. Akatembea moja kwa moja mpaka mferejini, akavua viatu, akapiga magoti ndani ya maji na sketi yake nzuri ya safari. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nauma khanga ya mama, khanga iliyo mwilini mwa mama.

Tukaweka hadubini barazani. Akachukua uzi mmoja mwembamba kwa sindano, akauweka kwenye kioo, akainama. Akabadilisha lenzi. Jogoo akawika hovyo, nikatamani kumchinja.

"Njoo," akasema hatimaye. "Tazama shina linalobeba tunda. Limejipinda. Unaona? Limejipinda lote."

Nikaona. Limejipinda kama ndoano.

"Sijawahi kuuona huu," akasema. "Sisemi ni mpya, hilo litachukua kazi ya kulinganisha, na kazi hiyo ni yako. Nasema sijawahi kuuona, na mimi nimeona mingi." Kisha mwanamke yule ambaye hapendi maneno akanishika mabega akanitikisa, na ukelele alioutoa ulikuwa mkubwa kuliko ule wangu wa siku ya kwanza. Mama akapiga vigelegele. Hakuelewa shina gani limejipinda, lakini vigelegele alivipiga vyote.

Vigelegele hivyo ndivyo vilivyomleta mwenyekiti. Alikuwa anakuja kumsalimia mgeni, kama ilivyo heshima. Akaongozana nasi hadi mferejini, na profesa, kwa furaha yake, akamwonyesha vishada. "Ajabu yenu ni hii," akasema. "Nimeambiwa mlisafisha Jumamosi. Hivi vimesalimikaje?"

Mama akatazama milima. Mimi nikatazama miguu yangu. Mwenyekiti akayatazama mawe, moja moja. Kisha akamgeukia mama.

"Ndiyo maana yale maharage hayakuiva," akasema.

Lango letu lilikuwa pale hatua chache, na waya najua anatembea nao mfukoni. Mama akakunja mikono. "Mwenyekiti, sheria ni sheria. Funga."

Mzee akagonga fimbo chini. "Ukaguzi ulishapita. Nilisema kipande ni safi mbele ya watu, na mimi sikagui mara mbili." Akamgeukia profesa akamuuliza kama safari ilikuwa njema, na alipoondoka aliniambia kwa chini, "Mwakani uje kikaoni mapema, na uje na adabu." Nikasema nitakuja. Na adabu nimeshaanza kuitafuta.

Jumamosi iliyofuata, jioni, mama aliniomba nimsindikize kanisani, kwenye kitubio. Nilimsubiri nje, kwenye benchi, nina michoro ya lile shina lililojipinda mapajani, najichekea peke yangu. Akakaa ndani muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipotoka alikuwa anajifunga khanga upya, uso mzito.

"Padre amesemaje?"

"Amenipa sala zangu. Halafu ameniuliza kama najuta."

"Ukamjibu nini?"

Mama akanishika mkono tuvuke barabara, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto. "Nimemwambia, Padre, uongo naujutia, maharage nayajutia. Lakini kama ni kurudia, ningechukua beseni kubwa zaidi, yale mawili yasingekufa."